Bonde Chini ya Ukungu

Ndani ya darubini ya Étienne dunia husimama kichwa chini, kama ilivyo katika mashine nyingi za zamani za wapima ardhi. Asubuhi ile Lusenge alining'inia kutoka kwenye majani ya kilima cha pili, miguu juu, kioo mkononi, na mwanga wa kioo chake ulimfikia Étienne safi kabisa. Kisha wakatokea watu wengine, nao miguu juu, wenye bunduki. Mmoja alimpiga Lusenge kwa kitako cha bunduki, na badala ya kuanguka chini, Lusenge alianguka kuelekea juu. Mwanga ukazimika.

Étienne alikuwa mtu wa Bandundu, mbali upande wa magharibi. Serikali ilimleta Beni kupima viwanja, vita vikaikuta ofisi yake na kuipora hadi milango, na mshahara ukabaki hadithi. Alichobaki nacho ni ile mashine, aliyoificha chini ya kitanda, mke wake Joyeuse, na ukaidi. Ramani mbili za ofisini zilikuwa zimegombana juu ya urefu wa mlima Ruwenzori, na ugomvi ule ulimkosesha raha. Majirani walimcheka. Watu wanachimba makaburi, walisema, na Papa Géomètre, mpima ardhi wetu, anatafuta urefu wa theluji. Aliwaacha waseme. Katika nchi ambayo kila kitu kilihama, kuanzia mipaka hadi wakubwa, alitamani kujua kwa hakika jambo moja ambalo halitamkimbia.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unapima kwa utepe wa chuma umbali kati ya vilima viwili vidogo. Kisha unakitazama kilele ukiwa kwenye kimoja, ukahamia cha pili ukakitazama tena, na pembe mbili ulizozisoma zinakueleza kilele kiko mbali kiasi gani, na kiko juu kiasi gani, bila wewe kukanyaga hata jiwe lake. Ila lazima ujue kilima cha pili kiko wapi hasa, na kwa macho si rahisi. Ndiyo maana Lusenge, ndugu wa Joyeuse, alisimama kule akimulika jua kwa kioo cha kunyolea. Joyeuse hakutaka. Étienne alimwapia kwamba ni kazi ya asubuhi moja tu, na jioni watakula pamoja. Hata hakufikiri askari wangeona nini katika mwanga ule. Mtu anayemulika kioo kilimani wakati wa vita, anammulikia nani?

Aliibeba mashine begani akashuka kuelekea kilima cha pili. Aliogopa, na mara mbili alifikiria kurudi. Lakini angerudi nyumbani na uso gani?

Alimkuta Lusenge amefungwa mikono kwa nyuma, midomo imevimba, na pembeni mzinga mfupi wa askari umeelekezwa ng'ambo ya bonde. Mkubwa wao aliitwa Michée, mwalimu wa zamani kutoka mbali kama Étienne mwenyewe, na hakuwa mtu wa kelele. Alisikiliza habari za kilele na pembe hadi mwisho.

"Mulima iko pale tangu zamani," alisema. "Nani alikutuma kuipima?"

"Hakuna mutu, commandant. Kiyoo ni yangu. Uyu alinisaidia tu."

Michée aliweka jicho kwenye darubini, akaona dunia imepinduka, akacheka kidogo. Kisha akanyoosha kidole kuelekea kilima cha ng'ambo, penye nyumba chache na moshi wa jikoni. Wapiganaji wa msituni wamelala pale, alisema. Ukungu ulikuwa unapanda. Karibuni wapigaji wake wa mzinga wasingeona kitu, wangetegemea hesabu peke yake.

"Kama unaweza kujua pahali iko mbali gani bila kufika, unipatie ya kile kilima. Ukinipatia, utaenda na mutu yako."

Étienne alinyoosha utepe kwenye nyasi, akasoma pembe huku na huku. Hesabu haikuyumba. Jibu alilijua kabla ukungu haujafunika nyumba ya mwisho. Maishani mwake hakuwahi kutoa tarakimu ya uongo, hata kwa matajiri walioleta mbuzi ili kiwanja kinenepe. Aliutazama moshi ule wa jikoni. Chini yake bonde, alivyoliona kabla ukungu haujalifunika, lilikuwa kimya, migomba tu hadi mtoni, hakuna paa, hakuna mtu. Akapunguza umbali hadi pale katikati ya migomba, akautaja kwa sauti ya kazini. Michée alimpa mkono, akaamuru Lusenge afunguliwe.

Waliondoka kwa haraka ya watu wasiotaka kuonekana wana haraka. Walipofika kwenye njia panda, Lusenge aliuliza habari za ile tarakimu bila kugeuka.

"Shemeki, ulibapatia chiffre ya kweli?"

"Hapana. Nilipunguza. Itaangukia mu bonde, mule hamuna mutu."

Étienne alisema hivyo kwa furaha, karibu acheke. Lusenge alisimama. Damu ilikuwa imekauka kidevuni mwake.

"Asubuhi basoda, aba askari, bakipanda huku," alisema polepole, "batu ba kule banashukaka bonde. Mama na batoto, bote. Banalala mu migomba mupaka basoda baende. Ni vile tangu vita ianze. Hakuna mutu alikuambia?"

Hakuna aliyemwambia. Wala yeye hakuwahi kuuliza; aliishi miaka yote Beni macho yake yakiwa kwenye theluji.

Mzinga ukalia nyuma yao. Baadaye kidogo, ndani ya ukungu, kombora likapasuka, na Étienne alijua kwa masikio tu kwamba limeanguka pale pale aliposema. Hakuwa amekosea hata kidogo. Likafuata la pili.

Lusenge alikwisha acha njia ya nyumbani, anateremka mbio kuelekea bondeni. Étienne aliitua mashine majanini, miguu yake mitatu bado imefungwa pamoja. Upande wa mashariki mawingu yalikuwa yameachana, na Ruwenzori ilionekana yote, nyeupe, hata kwa mtu asiye na darubini. Aliipa mgongo akaanza kushuka, akiita jina la Lusenge ndani ya ukungu.