Kidole Gumba cha Spaska

Spaska alikuwa na tabia moja mbaya: kulamba kidole gumba kila alipopanga barua. Zdravka, mkuu wa posta ile ndogo, alimwekea sponji ya maji mezani, nayo ikakauka kama mkate wa juzi.

"Siku moja utalamba usichokijua."

"Dada Zdravka, nimelamba stempu za Bulgaria nzima. Mbona sijafa?"

Ulikuwa mwaka wa zile barua za Marekani, zilizobeba unga wa kimeta na kuua watu. Tangazo la wizara lilibandikwa ukutani hata kwao, nyuma ya milima. Walilisoma wakacheka. Nani atapoteza sumu yake kwa watu wa pilipili na viazi?

Ijumaa, siku moja kabla ya Jumamosi ya Wafu, wanapoombewa marehemu, bahasha nene ilipasuka mikononi mwa Spaska. Unga mweupe ukatimka mpaka kwenye nyusi zake. Alishtuka, na kidole, kwa mazoea yake, kikaenda mdomoni.

"Ni tamu," akasema kwa sauti ndogo sana.

Akashika tumbo lake. Mimba ilikuwa ya miezi sita.

Zdravka alikuwa mlangoni, mguu mmoja tayari uko nje. Aliutazama ule mguu. Kisha akaurudisha ndani, akafunga mlango kwa ufunguo. Akazima feni ya joto, akafunga dirisha, akapigia simu polisi na daktari. Hakujua kwamba tangazo lile amelihifadhi neno kwa neno.

"Usijikung'ute. Nawa mikono kwa sabuni, sukutua mdomo, uteme. Taratibu, mwanangu."

"Ungetoka, dada."

"Nitoke niende wapi na mapafu yaliyokwisha kuuvuta unga huu? Nawa."

Pua ikaanza kumwasha Zdravka mwenyewe. Akaogopa kuikuna.

Daktari alifika amevaa barakoa na glavu, akasimama nje ya kioo. Macho yake tu ndiyo yaliyoonekana, nayo hayakutulia.

"Nani amelamba?"

Spaska akanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

Mara nyuma ya utepe wa polisi ikasikika sauti ya bibi Tinka, mjane wa fundi viatu. "Wanangu, barua yangu ya Ujerumani imeondoka? Nimemtumia kijana wangu ngano ya roho ya baba yake. Ya kuchemsha ingechacha njiani, nikaikausha, nikaisaga na sukari. Mwaka wa tatu huu hajaila!"

Zdravka akasogea kwenye kioo. "Bibi, nyuma ya bahasha uliandika jina lako?"

"La nini? Mwanangu haujui mwandiko wangu?"

Bahasha ilikuwa imelala kifudifudi chini ya unga, mgongo wake mtupu. Spaska akanyoosha mkono aigeuze.

"Usiguse!" daktari akafoka. "Bahasha zisizo na jina ziko nyingi. Maabara isiposema vinginevyo, hicho ni kimeta."

Bibi Tinka akaelewa. Akafunika mdomo kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Kwa desturi yao, anayeonja ngano ya marehemu humwombea, na Spaska, huku machozi yakichora mistari kwenye unga mashavuni, akasema kupitia kioo, "Mungu amsamehe mzee wako, bibi."

"Nawe akulinde, mwanangu. Mimi siendi popote."

Wakapelekwa hospitali, chumba kimoja, mlango umefungwa. Walimezeshwa vidonge. Spaska alipokohoa, Zdravka aliacha kupumua; aliponyamaza, aliogopa zaidi. Waliposhindwa kuzungumza walishikana mikono, maana sasa hakukuwa na cha kuambukizana zaidi.

Jumamosi adhuhuri nyayo zilisikika kwenye ujia. Kitasa kikazunguka. Spaska akafumba macho. Zdravka hakuthubutu kufumba yake, alitazama, naye akauona mdomo wa daktari, na kidevu chake kisichonyolewa. Hakuwa amevaa barakoa.

"Ngano na sukari," alisema.

Nyuma yake aliingia bibi Tinka, aliyekesha kwenye benchi, amebeba sahani iliyofunikwa kwa taulo. Akawapa vijiko.

"Hii ni ya kuchemsha," alisema. "Kuleni, na mnisamehe."

Spaska alikula kwa kijiko, mpaka punje ya mwisho. Sukari ilimbakia kwenye kidole gumba. Alikitazama muda mrefu, kisha akakipangusa kwenye taulo.