Mkono Uliojifunza Kupumua

Kila asubuhi Evelina alimvika mumewe shati akianzia mkono wake wa kushoto, akiupitisha taratibu kana kwamba umelala na hataki kuuamsha. Masele aligeuza uso dirishani, akaitazama miamba ya Kiseke mpaka vifungo viishe. Alikuwa fundi seremala. Hakupenda kuona kiungo chake kimekuwa mzigo wa mtu mwingine.

Bodaboda iliyomwangusha kule Mkuyuni haikumvunja mfupa hata mmoja. Iling'oa mishipa ya fahamu ya bega pale inapochomoza shingoni, mkono ukabaki ukining'inia, hausikii moto wala baridi. Daktari bingwa alichukua mishipa inayohudumia misuli ya mbavu, akaiunganisha na ule wa msuli unaokunja kiwiko.

"Hii kazi yake ilikuwa kupumua," alimweleza. "Itaota polepole. Ikifika kwenye msuli, ukivuta pumzi kwa nguvu, mkono utaitika."

Basi Masele akawa anavuta pumzi. Dorcas, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimfundisha kukaa wima, kujaza kifua na kuuwaza mkono ukikunjika. Masika yakaja, yakapita. Mkono haukuitika. Mwishowe akaacha, na Evelina alipomkumbusha, alijibu bila hasira, "Mama Queen, mwenye nyumba amehama. Tusiendelee kubisha hodi."

Evelina hakubishana naye. Jioni alimkanda vidole ili visikakamae, akizungumza mambo mengine.

Jumapili moja Shigela, mwenzake wa karakana, alikuja na sato mkubwa. Baada ya kula akasimulia juu ya kabati la mninga alilompelekea mzee mmoja wa Kirumba. Kabati lilikuwa zuri, ila halikupita mlangoni.

"Mzee akasema tung'oe mlango," alisema Shigela. "Tukang'oa, na fremu yake. Kabati likaingia. Hapo ndipo akakumbuka kwamba nyumba ni ya kupanga."

Masele akacheka kicheko cha tumboni, ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu ajali. Evelina, aliyekuwa akikusanya sahani, akasimama.

"Mkono umecheza."

"Umetikiswa na mwili."

"Hapana. Cheka tena."

"Nitachekaje kwa amri?"

"Shemeji," Evelina akamgeukia Shigela, "hebu rudia ya mlango."

Kesho yake Dorcas aliweka vidole juu ya msuli, akamwambia avute pumzi. Kisha akauchukua mkono wa kulia wa Masele na kuuweka palepale. Chini ya kiganja chake kitu kikajikaza, kikalegea. Masele akakumbuka alivyowahi kuligusa tumbo la Evelina, Queen akicheza ndani.

"Ni mimi?" aliuliza.

"Ni wewe," alisema Dorcas.

Vidole bado havishiki kitu, na akikohoa kanisani kiwiko hujikunja chenyewe, watoto wa benchi la nyuma wakafurahi. Masele hachukii tena. Siku hizi hushinda karakana.

Juzi Shigela alihitaji ubao uinuliwe kidogo ili achore alama upande wa chini. Masele akaupitishia mkono wake wa kushoto kwa chini, akajaza kifua. Ubao ukaachana na meza.

"Mkono hauchoki?" aliuliza Shigela, penseli mkononi.

Masele akatikisa kichwa tu. Hakutaka kuitoa pumzi mapema.