Mama Faidha Apandisha Makadirio

Mwezi wa tatu, Masasi, ni mwezi wa kusinzia dukani. Mvua inapiga, wakulima wanapalilia, na pesa ya korosho imeshaliwa, ikanywewa, nyingine ikaoa mke wa pili. Na ndio mwezi huohuo mfanyabiashara anatakiwa aende ofisi ya kodi kusema mwaka huu anategemea faida kiasi gani, ili kodi yake ikadiriwe na ailipe kwa awamu nne. Sasa mtu mwenye njaa umuulize atashiba lini, atakujibu nini? Kila mmoja anakadiria kwa sura ya duka lake siku ile, na siku ile duka lina sura ya matanga.

Mwanaisha, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Faidha, alikadiria hivyohivyo mwaka wa kwanza baada ya kufiwa na mumewe Faridi, aliyemwachia duka la mabati na saruji. Msimu ulipoingia, korosho zikapata bei, na kila aliyekuwa akivujiwa akataka bati. Aliuza mpaka misumari ikaisha. Alipopeleka hesabu za mwaka akaambiwa kodi halisi imeyaacha makadirio yake mbali sana, kwa hiyo lile pengo lina riba. Hakuwa ameiba. Alitaja kidogo mno, halafu hakurudi kurekebisha.

Hapo shemeji yake Salmini, mdogo wa marehemu, akapata la kusemea. Salmini hajawahi kubeba mfuko wa saruji maishani mwake, lakini maoni juu ya saruji anayo mengi. Akaitisha kikao cha ukoo kwao Chiwata, akasema mwanamke amelemewa. Wazee wakakubaliana naye: riba ikitokea tena, funguo za duka atashika Salmini, na Mwanaisha atakuwa anapewa matumizi, kama mwanafunzi wa bweni. Mwanaisha alikunja miguu vizuri mkekani akawaangalia mmoja mmoja, na wengine wakajikuta wanatazama dari.

Machi iliyofuata alikadiria kidogo tena, maana kweli dukani palikuwa pakavu. Ila mwezi wa nane ulipofika akaona jambo. Watu walianza kuja kuulizia bei. Hawanunui. Wanagonga bati kwa kidole, wanauliza la rangi ya maruni ni kiasi gani, wanasema mama niwekee, wanaondoka. Kutoka Chiungutwa, kutoka Lulindi, mpaka wa Newala. Mwanaisha aliwajua watu wake: mkulima aliyeona maua ya mikorosho yake yamekauka kwa ugonjwa wa ubwiri haji kuchagua rangi ya bati. Akapanda bodaboda hadi shamba lake la Chiungutwa akajionee. Mikorosho ilikuwa imechanua kama imeambiwa ina harusi.

Kesho yake akafunga duka mapema, akajifunga kanga mpya. Optatus, jirani yake muuza rangi, akamwuliza safari ya wapi. Aliposikia ni ofisi ya kodi, akatoka nje kabisa.

"Nani amekuita, Mama Faidha?"

"Hajaniita mtu."

"Sasa unajipeleka mwenyewe? Utatuchongea mstari mzima. Wataanza kutuuliza na sisi."

"Wakiwauliza, jibuni. Mimi heri nijipeleke kwa miguu yangu kuliko kuburuzwa huku kanga inanivuka."

Ofisini alimkuta binti anaitwa Glory, Mngoni wa Songea. Glory akamwamkia shikamoo. Mwanaisha akasema marahaba, na hata hivyo ni wajibu, maana Myao ndiye aliyemfundisha Mngoni kula kwa sahani.

"Mlitufundisha mkiwa mnakimbia?" Glory akamuuliza.

Wakacheka, utani wa Wayao na Wangoni ukafungua njia. Binti akamweleza taratibu: makadirio yanaweza kupandishwa kabla mwaka haujaisha, na nyongeza inagawanywa kwenye awamu zilizobaki, ya Septemba na ya Desemba. Ukikosea kidogo unavumiliwa. Makadirio yakishuka chini ya asilimia themanini ya kodi halisi, ndipo riba inapokuja. Mwanaisha akataja kiasi. Akafikiri, akakipandisha tena. Glory akamwonya kwamba akizidisha mno atajifungia pesa yake huku akiihitaji dukani.

"Andika, mwanangu," akasema. "Nimezoea kuonewa na wanaojidai kujua hesabu zangu kuliko mimi. Leo nikosee mwenyewe."

Shida ikawa awamu ya Septemba. Korosho bado ziko mtini, pesa atoe wapi? Akauza pikipiki ya duka, ileile ambayo Salmini alikuwa akiizungusha mjini kila asubuhi kwa jina la kusimamia mali ya ukoo. Salmini alikuja kwa miguu, jasho linamtoka, akauliza inakuwaje anauza pikipiki ya marehemu kulipia kodi ambayo hata hajadaiwa.

"Kadi ina jina langu, shemeji. Marehemu alikuwa anaipanda tu, kama wewe."

Oktoba ilimkondesha. Mnada wa kwanza wa korosho bei ilikuja mbovu, wakulima wakakataa kuuza, wakarudi makwao wamenuna. Bati zikakaa. Salmini akawa anapita mbele ya duka polepole, anakohoa. Usiku Mwanaisha alijiuliza kama kweli amejifunga mwenyewe kamba. Asubuhi alifungua duka kama kawaida, akapanga mabati ya maruni mbele. Mnada uliofuata bei ikapanda, na waliosema mama niwekee wakaja na pesa mkononi, wengine na baiskeli tatu tatu za kubebea.

Hesabu za mwaka zilipopelekwa, kodi halisi ilizidi makadirio yake kidogo tu. Akamalizia kilichobaki. Riba hapakuwa.

Kikao kikakaa tena Chiwata. Salmini alikuwa ameshavaa kanzu ya kupokelea funguo. Alipoambiwa hakuna riba, akasema sawa, safari hii shemeji amebahatika, lakini ukoo haufai kuendeshwa kwa bahati, heri funguo zihamie kwa mwanaume hivyohivyo.

Mwanaisha akasimama, na sauti hakuipandisha.

"Wazee wangu, nawaheshimu. Nimekwepa riba kwa sababu sipendi kutupa pesa, si kwa sababu ya sharti lenu. Hata ingekuja, ningeilipa, na funguo msingeziona. Duka aliniachia Faridi. Anayelitaka akafungue lake, na mwezi wa nane aje, nitamwonyesha pa kwenda kukadiria."

Mzee mmoja alijikuna kidevu, kisha akaomba aambiwe bati la kijani ni kiasi gani. Mwanaisha akamtajia bei, bila punguzo, akawaaga wote kwa adabu, akatoka kuwahi gari la Masasi.