Maneno Mawili Pambizoni

Katika gazeti lile la Sfax, mzee Mongi ndiye aliyesahihisha kila ukurasa kabla haujakwenda mtamboni, na waandishi walimwogopa kuliko walivyomwogopa mhariri. Siku ilipoletwa habari ya programu mpya ya simu, iliyodaiwa kuficha ujumbe kwa fumbo "lisiloweza kufumbuliwa na kiumbe yeyote," aliguna, akaandika pambizoni maneno mawili: mpaka sasa.

"Mzee Mongi, usitutie nuksi," mhariri Chokri alimwambia huku akiyafuta. "Wenye programu wamesema wenyewe."

"Hakuna muuza samaki asemaye wake wameoza. Umemuuliza nani mwingine?"

"Kazi yako nukta na koma, mzee wangu. Hesabu waachie wenyewe."

Chumba kizima kikacheka. Mongi akatia saini. Alikuwa amechoka kubishana, hiyo ndiyo kweli, na uchovu si udhuru.

Binti yake Emna aliisoma habari ile. Yeye na kina mama wenzake walikuwa wakipanga kuziba lango la kiwanda ambacho moshi wake uliwakohoza watoto wao. Wakahamia kwenye programu hiyo na majina, saa, mahali, kila kitu.

"Gazeti lako limesema, baba. Na halipiti neno pale bila wewe kuliona."

Mongi akamuuliza habari ya kikohozi cha watoto.

Wiki ya tatu wakakamatwa wote kumi na mmoja. Wala hakuhitajika bingwa wa mafumbo: askari walimnyang'anya simu mmoja wao, Hayet, wakamkandamiza kidole juu yake, ikafunguka, wakasoma mpaka wakachoka. Kampuni ikatangaza kwa majivuno kwamba fumbo lake bado halijafumbuliwa. Chokri akalichapa tangazo ukurasa wa kwanza. Lilikuwa kweli tupu, na Mongi alitamani kulitapikia.

Siku ya kuwatembelea wafungwa alimpelekea Emna kapu la kuskusi kwa pweza. Askari alilipekua kwa kijiti, akawaketisha mezani. Binti alikuwa amekonda.

"Chokri amewadanganya wote, ee baba? Hata wewe."

Angeitikia tu, yangekwisha.

"Mimi hakunidanganya," alisema Mongi. "Nilitilia shaka tangu siku ya kwanza. Nikatia saini."

"Na nilipokwambia tunahamia huko?"

"Niliona haya."

Emna akalisukuma kapu upande wa baba yake.

"Wapelekee watoto wa Hayet," alisema. "Uwaambie na wao hivyo hivyo."