Miaka Minane ya Bibi

"Kwa heshima na taadhima, na kwa kuzingatia ustawi wa jamii nzima, wananchi mnatangaziwa kwamba ufukwe wa umma ni mali ya kila mtu." Mlinzi wa geti alisoma hayo kwa kipaza sauti, akameza mate, akageuza karatasi. "Kila mtu maana yake ni mtu asiyepungua miaka ishirini wala kuzidi sitini." Betri zikaisha hapo, basi ikabidi sababu azitoe kwa mdomo mtupu: vijana wana kelele, wazee wana viti.

Wageni wa hoteli ya jirani hawakuguswa na tangazo. Walikuwa na geti lao, na umri haukuulizwa pale, kwa kuwa mgeni wa hoteli hana umri, ana chumba.

Habari hizo zilimkuta Kamba vibaya. Alikuwa na miaka kumi na minne, yuko nyumbani likizo. Jina hilo alilipatia shule ya bweni, kwenye bwawa, ambako wasiojua kuogelea husimama ukingoni wamebeba taulo za wenzao mabegani. Kamba ya kuanikia nguo, kwa kirefu. Muhula ukianza kungekuwa na jaribio: kufika ng'ambo ya bwawa, au kubeba taulo mwaka mwingine mzima. Kamba aliapa kwamba mwaka huo harudi kuwa kamba. Mwalimu pekee aliyemwamini ni bibi yake, fundi cherehani mstaafu, aliyewafundisha wanawe wote kuogelea kwenye ufukwe huohuo. Bibi alikuwa na miaka sitini na minane.

"Mmoja amezidi, mmoja amepungua," alisema Bibi huku akifuta meza ya jikoni. "Hesabu inajipanga yenyewe. Nikuazime minane?"

"Ya wapi, Bibi?"

"Ya katikati. Nilikuwa nashona sare za shule tu, sitaihitaji."

Katika nyumba ile miaka iliazimwa kama majirani wanavyoazimana chekecheke. Mama mwenyewe, alipotaka kazi ya udereva kabla hajatimiza umri, alibeba miwili ya shangazi yake, akairudisha imekunjwa vizuri. Bibi akamshika Kamba viganja, akakohoa, ile minane ikahamia kwake. Kamba akatanuka nyonga, akaanza kuguna kila alipoketi. Bibi akatunga uzi kwenye sindano bila miwani, kwa majaribio.

Mama aliingia kutoka kazini, akawatazama. "Mrudishiane kabla ya chakula cha jioni," akasema. "Na sitaki kukuta mwezi wa mtu chini ya kochi."

Getini mlinzi aliwakagua kwa zamu.

"Shikamoo, mama. Miaka?"

"Marahaba. Sitini kamili."

"Kamili kamili?"

"Unataka nikufungulie uhesabu?"

Mlinzi akamgeukia Kamba. "Na wewe, dada?"

"Ishirini na miwili," alisema Kamba, kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na kazi za mafundi wengine, "Hilo shati nani alikushonea? Kola imekaa upande."

Mlinzi akarekebisha kola, akawapisha.

Kosa lilijulikana maji yalipofika vifundoni. Bibi alisimama. "Mjukuu wangu," akasema, "hivi mtu huanza na mkono au na mguu?"

Kumbe kuogelea alijifunza katika miaka ileile ya sare, siku za mapumziko, na sasa miaka hiyo alikuwa nayo Kamba. Bibi alikumbuka kwamba amefundisha watu wengi. Alichowafundisha ndicho hakikumbukiki. Kamba, kwa upande wake, alijitupa majini, akafika kwenye boya na kurudi bila kuhema. Basi kazi ikageuka.

"Laza mgongo, Bibi. Nimekushika."

"Umenishika wapi? Mbona sijisikii kushikwa?"

"Tumbo juu. Usiyakunjie maji ngumi, hayajakukosea."

"Adabu, wewe. Nimemnyonyesha mama yako."

"Tumbo, Bibi."

Pembeni yao alipita mgeni wa hoteli mwenye miaka minne, amevaa bata wa plastiki kiunoni. Mlinzi akampigia saluti. Kabla jua halijapungua ukali Bibi alikuwa anaelea, kisha anakata maji, kisha anakataa kutoka.

Nyumbani walirudishiana. Bibi alipokea miaka mmoja baada ya mwingine, akiipapasa kama vitambaa, huku akipiga soga na Mama, kwa hiyo hakuhesabu. Ule wa kuogelea haukuwemo. Kamba alikuwa ameubana chini ya ulimi, na chakula cha jioni alikila kwa shida. Bibi alijiona mwepesi kidogo, akadhani ni chumvi ya bahari.

Asubuhi yake Bibi alikwenda getini peke yake, akiwa na hamu yote ya mwanafunzi mpya, akitumaini sitini ya jana bado itahesabika. Kwa kuwa familia nyingine nazo zilikuwa zimeanza kuazimana, tangazo lilikuwa limeongezwa mstari: umri wa kuazima hautambuliwi. Mlinzi alimwomba radhi. Bibi alirudi nyumbani na taulo kavu.

Muhula ulipoanza, Kamba alifika ng'ambo ya bwawa kabla ya wote. Alipotoka majini aliguna, akashika kiuno. Mwalimu wa michezo akamtazama.

"Umejifunza wapi?"

"Ufukweni, mwalimu."

"Ule wa ishirini mpaka sitini?"

Kamba akatazama vidole vyake vya miguu. Uongo aliouandaa ulikuwa mzuri, una bwawa la mjomba ndani yake, lakini mjomba hakuwa na bwawa, na mwalimu alikuwa jirani yake.

"Mwaka mmoja si wangu," akasema. "Ni wa bibi. Nilirudisha saba, huu nikaubana chini ya ulimi."

"Likizo utaurudisha."

"Nimeshamwambia kwa simu. Alinitukana kidogo, kisha akasema nikae nao. Kuogelea sasa anajua upya."

"Vizuri. Na anaogelea wapi?"

Nyuma yao wengine walikuwa wanajitupa majini, mmoja baada ya mwingine.

"Haogelei, mwalimu," alisema Kamba. "Ana sitini na saba."