Njia ya Chumba cha Sindano

Nesi alifunga mlango kwanza, ndipo akaniambia kipimo kimeonyesha kaswende.

"Inatibika, mama. Ila ikiachwa itamfikia mtoto tumboni. Na baba naye aje, la sivyo utapona halafu akuambukize tena."

Chumba chao cha sindano mgeni hakioni. Hakina kibao, kimejificha nyuma ya chumba cha kufulia mashuka. Siku ile nilizunguka mpaka mfagiaji akanionea huruma, akanipeleka.

Jioni nilimfuata mume wangu kwenye banda lake la kunyolea. Hakuwa na mteja. Nilimweleza kwa sauti ya chini, naye akaendelea kupiga brashi mashine yake.

"Mimi mzima," akasema. "Wewe unashinda kwenye cherehani unapima wanaume suruali, halafu unaniuliza mimi?"

Ningemjibu jibu asilolisahau, lakini mtoto alikuwa anacheza tumboni, na bila huyu baba yake kutibiwa nilikuwa natwanga maji kwenye kinu.

"Njoo upimwe tu, baba."

"Mimi na zahanati wapi na wapi? Ile yenu hata geti lake silijui." Akazima mashine. "Haya, nitakuja. Wajue mwenye uchafu ni nani."

Siku ya sindano yangu ya pili tuliongozana. Njiani, kila alipopunguza mwendo nilidhani anageuka. Tulimkuta nesi amezongwa na wajawazito.

"Tangulieni chumba cha sindano," akatuambia. "Baba nitampimia huko huko."

Mume wangu akatangulia. Akapita dirisha la dawa, akakata kona penye kamba za mashuka, akainama kukwepa bomba, akagonga mlango usio na kibao. Kisha akabaki ameushika mlango, hageuki.

Nikashika kamba.

"Ulitibiwa lini?"

"Wakati ule unatapikatapika," akasema akiutazama mlango. "Niliogopa utaondoka na mimba yangu."

"Ukaniacha nayo. Mimi na mtoto."

Mlango ukafunguliwa, mchoma sindano akatutazama mmoja mmoja na kuuliza nani anaanza.

"Mimi na mwanangu," nikasema, nikampita mume wangu bila kumgusa. "Huyu atasubiri. Njia anaijua."