Paipu ya Dizeli ya Kharumwa

Barua ya wakala wa injini wa Dar es Salaam ilifika Shinyanga mwezi wa sita, mwaka 1976. Chausiku, mtunza stoo ya vipuri, aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Injini kumi na moja za dizeli ambazo stoo yao iliziuzia mashine za kusaga za vijijini zilikuwa na kasoro: paipu inayopeleka mafuta kwenye nozeli ilikuwa ikipasuka, ikirusha dizeli karibu na ekzosi ya moto. Zizimwe mara moja, paipu zibadilishwe.

Meneja wake, mzee Akida, alisema wawaandikie barua wenye mashine.

"Barua italala posta mwezi mzima, mzee, na injini zinazunguka kila siku," Chausiku akamjibu. "Paipu mpya zimeshaletwa. Nipe ruhusa, naanza na Kharumwa."

Alipanda lori la pamba, akiwa na paipu kwenye kikapu na spana zake ndani ya khanga. Kazi ya injini alifundishwa na marehemu baba yake, fundi wa kinu cha pamba. Hakuwa na wasiwasi nayo.

Huko Kharumwa akakuta wanawake wamejipanga na ndoo za mahindi mbele ya kibanda cha nyasi, mashine ikinguruma ndani. Mwendeshaji, Bujiku, alikuwa mweupe kwa unga hadi kope.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimia kwa Kisukuma. "Mahindi yako wapi ya kusaga?"

"Sina mahindi. Nimekuja kuizima hiyo injini."

Bujiku akacheka. "Haijanisumbua hata siku moja! Ngoja nimalize hawa kwanza."

Chausiku hakubishana. Alifuta vumbi kwenye kibati cha injini, akasoma namba: ilikuwa miongoni mwa zile kumi na moja. Kisha akachana kipande cha boksi, akakisogeza kando ya paipu, mkono wake ukiwa mbali, maana dizeli inayoruka kwa nguvu hutoboa ngozi. Alipokirudisha kilikuwa kimelowa dizeli, ingawa kwa macho hakuna aliyeona tone likidondoka.

"Sasa tazama ekzosi ilipo," akasema. "Halafu tazama paa lako."

Bujiku alitazama nyasi, akatazama foleni. Akavuta kizimio cha injini mwenyewe.

Mmoja wa wanawake wa foleni, Euphrasia, aliyekuwa na mtoto mgongoni, akauliza kwa ukali, "Na watoto wetu wale nini leo?"

"Ugali, dada yangu. Nipeni saa mbili."

Waliisubiri injini ipoe. Chausiku alipolegeza nati, paipu ikakatika vipande viwili mkononi mwake. Bujiku alikaa chini juu ya gunia. Ndani ya kibanda kile, mke wake ndiye aliyekuwa akishika magunia kila siku.

Paipu mpya ikafungwa, wakatoa hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta, Bujiku akazungusha hendeli. Injini ikashika. Chausiku akasogeza boksi jingine, akalirudisha kavu. Euphrasia akawa wa kwanza kumwaga mahindi yake.

"Inayofuata iko wapi?" Bujiku akauliza.

"Buseresere."

"Mwendeshaji wa huko ni shemeji yangu. Mbishi kuliko mimi. Twende wote."

Huko walikuta paipu imeshapasuka na kufungwa kwa mpira wa baiskeli, na shemeji ana bandeji mkononi. Safari hii Bujiku ndiye aliyechana boksi na kueleza, kwa Kisukuma, kwa sauti kubwa, huku Chausiku akitoa spana. Kabla ya mwezi kuisha, injini zote kumi na moja zilikuwa na paipu mpya.